Saa Zisizohesabiwa Kwenye Treni ya Mizigo

Kwa muda sasa Serikali imekuwa ikieleza hadharani kwamba reli ya Tanzania haitaendelea kuwa ya mwendeshaji mmoja. Kampuni binafsi zitaruhusiwa kuleta vichwa vya treni na mabehewa yao, zitalipia matumizi ya njia inayomilikiwa na Shirika la Reli Tanzania (TRC), na zitabeba mizigo kwa faida yao zenyewe. Hapa Mwanza habari hiyo imepokelewa kwa hesabu za tani: mafuta, saruji na mbolea zipande kutoka Dar es Salaam; pamba, mashudu na mchele vishuke; na mabehewa yavushwe ziwa hadi Port Bell, Uganda, bila mzigo kupakuliwa. Ni hesabu halali, na mfanyabiashara anayezifanya hana kosa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza dereva wa treni hiyo atafanya kazi saa ngapi, atalala wapi, na ni nani atakayehesabu muda anaoutumia kusubiri. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo, kuliko kiwango cha mshahara, ndiyo yanayozaa migogoro mikubwa kati ya wafanyakazi wa reli na kampuni za mizigo; na kwamba yanapaswa kujibiwa ndani ya leseni na mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kabla treni ya kwanza ya kampuni binafsi haijaondoka, kwa sababu yakiachwa baada ya hapo hujibiwa kwa mgomo, na mgomo hujibiwa kwa nguvu ya dola.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani, ambako karibu reli zote za mizigo ni mali ya kampuni binafsi na faida yake ni kubwa. Mwaka 2022 vyama 12 vya wafanyakazi wa reli, vikiwakilisha watu takribani 115,000, vilifikia ukingo wa mgomo wa nchi nzima. Aliyesoma vichwa vya habari peke yake angedhani ni ugomvi wa fedha, kwa kuwa tume ya dharura iliyoundwa na Rais ilipendekeza nyongeza ya asilimia 24 kwa kipindi cha miaka 5, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana katika reli hizo kwa miongo mingi. Hata hivyo wanachama wa vyama 4 kati ya 12, kikiwemo kile cha mafundi wa njia na kile kikubwa cha makondakta, waliupigia kura ya hapana mkataba uliobeba nyongeza hiyo. Walichokikosa humo ni siku za kuugua zenye malipo.

Hapa inafaa kuingia ndani kidogo, maana undani wenyewe ndio unaotuhusu. Dereva au kondakta wa treni ya mizigo huko kwa kawaida hana ratiba ya zamu inayojulikana wiki moja kabla. Jina lake hukaa kwenye orodha inayosogea kadiri treni zinavyoondoka, na simu ikilia huwa na saa mbili hivi, pengine pungufu, za kujiandaa na kufika stesheni. Inaweza kulia saa nane za usiku, inaweza kulia siku ya harusi ya mdogo wake. Mnamo Februari 2022 kampuni ya BNSF ilianzisha utaratibu wa alama: kila mfanyakazi alipewa alama 30, akawa anapunguziwa kila anapokosa kupatikana, na ili arudishiwe alama 4 alitakiwa kuwa tayari kuitwa kwa siku 14 mfululizo. Vyama viwili vyenye wanachama wapatao 17,000 katika kampuni hiyo vilitaka kugoma kupinga utaratibu huo, lakini wiki moja kabla haujaanza kutumika jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliuzuia mgomo wao. Kwa maneno mengine, mtu mwenye homa alikuwa anapiga hesabu ya alama kabla ya kupiga hesabu ya dawa.

Nyuma ya utaratibu huo kulikuwa na mtindo wa uendeshaji ulioenea katika kampuni kubwa za mizigo huko kuanzia katikati ya muongo uliopita, ambao kiini chake ni treni chache zaidi, ndefu zaidi, zenye vichwa vichache na watu wachache. Treni nyingine zilivuka urefu wa kilomita 3. Mwenyekiti wa bodi inayosimamia reli hizo aliliambia Bunge la nchi hiyo kwamba kampuni kubwa zilikuwa zimepunguza nguvu kazi kwa asilimia 29 ndani ya miaka 6. Ukipunguza watu kiasi hicho, akiba ya watu wa kujazia nafasi hutoweka, na hapo ugonjwa wa mtu mmoja huwa pigo kwa ratiba ya kampuni nzima. Ndiyo maana kampuni zilikuwa tayari kutoa asilimia 24 za mshahara lakini zikashikilia kwa meno siku chache za kuugua: fedha hazikuwa zimewaishia, watu ndio walioishia.

Mwisho wa mgogoro huo unafahamika. Chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, Bunge la Marekani lina uwezo wa kulazimisha mkataba, nalo likaulazimisha. Baraza la Wawakilishi lilipitisha pia nyongeza ya siku 7 za kuugua, lakini katika Seneti ilipata kura 52 dhidi ya 43, chini ya 60 zilizohitajika, ikafa hapo. Rais Joe Biden, ambaye kwa miaka mingi amejitambulisha kuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi, alitia saini Desemba 2, 2022, na kugoma kukawa ni kuvunja sheria. Kinachosahaulika ni kilichofuata: katika mwaka 2023 kampuni zile zile zilianza kutia saini makubaliano ya siku za kuugua, chama kimoja baada ya kingine, bila reli kufilisika. Jambo lililodaiwa kuwa haliwezekani mezani liliwezekana miezi michache baada ya mgomo kupigwa marufuku, jambo linalonifanya niamini kwamba kilichokuwa kinalindwa na kampuni ni mamlaka juu ya muda wa mfanyakazi, na gharama ilikuwa kisingizio.

Kanada ilirudia habari hiyo kwa kasi zaidi. Agosti 22, 2024 kampuni zake kubwa mbili, CN na CPKC, ziliwafungia nje wafanyakazi wapatao 9,300 kwa wakati mmoja, katika mgogoro uliohusu uchovu, ratiba na kuhamishwa vituo. Kabla siku hiyo haijaisha Waziri wa Kazi alikuwa ameagiza wapelekwe kwenye usuluhishi wa lazima. Wakulima wa ngano walipumua. Suala la uchovu likahamishiwa mbele ya msuluhishi.

Msomaji wa Igoma au Nyakato anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini, na jibu langu ni kwamba sheria yetu, ikisomwa kwenye karatasi, inamlinda mfanyakazi wa reli kuliko ile ya Marekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, inakataza kuvuka saa 12 kwa siku hata ukiongeza saa za ziada, na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Kuhusu ugonjwa inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu nyingine kwa nusu mshahara. Dereva wa Nebraska aliyekuwa akipigania siku 7 angeshangaa kuona kwamba mwenzake wa Tabora ana haki hiyo kisheria tangu zamani.

Tatizo liko kwenye masharti. Mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo hizo za malipo, na kila anayefuatilia ajira katika miradi mikubwa ya kanda hii anajua jinsi mikataba mifupi inavyoweza kupangwa ikakomea pale pale ambapo haki ingeanza. Kampuni ya mizigo itakayoajiri madereva wake moja kwa moja kwa mkataba wa kudumu haitupi shida. Itakayowachukua kupitia wakala, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, itakuwa na watu wanaofanya kazi ileile kwenye njia ileile, ila bila kinga ile.

Hata kwa mwajiriwa wa kudumu, kuna saa ambazo sheria inazitaja lakini njia yenyewe inazificha. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni tu, pale penye njia ya pili. Chukua treni ya mizigo iliyotoka Mwanza Kusini ikapita Fela, Mantare na Bukwimba, kisha ikaingizwa njia ya pembeni Malampaka kungoja treni inayopanda. Ile inayopanda imechelewa kwa sababu kichwa chake kimeharibika njiani. Dereva na msaidizi wake hawawezi kuiacha injini: breki za mabehewa zinategemea hewa inayosukumwa na injini kupitia mipira inayounganisha behewa na behewa, na injini ikizimwa muda mrefu hewa huvuja taratibu, hivyo lazima mtu ashuke afunge breki za mkono, behewa hadi behewa, kwa kuzungusha gurudumu la chuma. Wanakaa. Wananunua mahindi ya kuchoma kwa wanawake wanaofika kando ya njia, wanapiga simu kwa mdhibiti wa treni, wanaambiwa wasubiri. Saa nne zinapita, saa tano. Je, hizo ni saa za kazi? Kwa mfanyakazi jibu ni rahisi. Kwa kampuni inayolipa kwa safari, na inayodaiwa faini na mwenye mzigo akicheleweshewa, kishawishi cha kusema kwamba treni iliyosimama haifanyi kazi ni kikubwa mno.

Wamarekani wana uzoefu mchungu wa saa za namna hii. Sheria yao inamtaka dereva akome baada ya saa 12, lakini muda anaokaa ndani ya injini iliyosimama porini akingoja gari la kumrudisha haukuhesabiwa kuwa kazi wala kuwa mapumziko. Ilibidi Bunge, katika sheria ya usalama wa reli ya mwaka 2008, liweke ukomo wa saa 40 kwa mwezi, kisha 30, za muda huo usio na jina zuri. Sisi tuna nafasi ya kuandika tangu mwanzo kwamba saa zote tangu mtu aripoti hadi akabidhi treni ni saa za kazi, imesimama au inatembea, na kwamba zikifika 12 kampuni ina wajibu wa kuleta watu wa kumpokea pale alipo, hata kama ni Malampaka.

Mabishano haya si mapya katika njia hii. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulipanda bara ukiifuata reli. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Kasanga Tumbo kiliendesha mgomo uliodumu zaidi ya miezi miwili, na ni mmoja wa migomo mirefu zaidi katika historia ya nchi hii. Serikali mpya haikuisahau nguvu hiyo. Sheria ya mwaka 1962 ikaufanya mgomo halali kuwa kitu kisichowezekana kwa vitendo, na mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, vyama vikaunganishwa kuwa NUTA chini ya mwavuli wa chama tawala. Waliofanya hivyo walikuwa na hoja yao kuhusu nchi changa na umoja, na sitaki kuwahukumu kwa mizani ya leo. Lakini reli iliyofuata haikuwa reli isiyo na manung'uniko. Ilikuwa reli ambayo manung'uniko yake yalitoka kwa njia nyingine: watu kuchelewa, vitu kupotea, kazi kufanywa nusu.

Kisha ukaja ubia wa mwaka 2007, ambapo kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya Kampuni ya Reli Tanzania na Serikali ikabaki na 49, kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25. Haukufika hata mitano. Wafanyakazi waligoma zaidi ya mara moja kudai mishahara, Serikali ikalazimika kuingilia, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalipoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, biashara yenyewe ikasimama. Mwaka 2011 reli ilikuwa imerudi mikononi mwa Serikali. Jirani zetu wa Kenya na Uganda walipita njia hiyo hiyo na Rift Valley Railways, iliyoanza 2006 kwa miaka 25 na kufutiwa mkataba mwaka 2017. Katika simulizi zote mbili wachambuzi huzungumzia vichwa vya treni, madeni na ada za ukodishaji. Sawa. Ila mwekezaji anayeshindwa kununua vichwa hubana mahali panapobanika, na hapo ni kwa watu.

Lipo pingamizi ambalo halistahili kupuuzwa. Treni ya mizigo ya Mwanza haishindani na treni nyingine, inashindana na lori. Dereva wa semitrela anayetoka Dar es Salaam mara nyingi hulipwa kwa safari, hulala ndani ya kabini, na hakuna anayemhesabia saa kwa ukali. Ukiibebesha kampuni ya reli masharti ya mapumziko, watu wawili ndani ya injini na nyumba za kupumzikia Tabora na Isaka, nauli ya tani itapanda na mzigo utarudi barabarani. Hoja hii ina uzito, hasa kwa mwenye ghala la pamba ambaye faida yake inahesabiwa kwa shilingi chache kwa kilo. Nami nakubali kwamba kuikaza reli peke yake huku barabara ikiachwa huru ni kumfunga mmoja miguu katika mbio za wawili. Lakini dawa ya hapo ni kumhesabia saa dereva wa lori pia, kazi ambayo LATRA tayari inayo mikononi kwa kuwa ndiyo inayodhibiti usafiri wa barabara na wa reli kwa pamoja.

Na kuna tofauti ya ukubwa wa madhara. Julai 6, 2013 treni ya mafuta iliyoachwa mlimani na dereva mmoja, aliyekuwa peke yake kwa mujibu wa utaratibu wa kampuni yake, ilishuka yenyewe na kulipuka katikati ya mji wa Lac-Mégantic huko Kanada. Watu 47 walikufa. Injini ilikuwa imezimwa, hewa ya breki ikavuja, na breki za mkono zilizokuwa zimefungwa hazikutosha. Sisi hatuhitaji kwenda Kanada kujifunza maana ya treni kurudi nyuma mlimani: Juni 24, 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyoshindwa kupanda ilirudi nyuma kwa kasi ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Siwezi kusema kwamba sababu za ajali hizo mbili ni moja. Ninachosema ni kwamba idadi ya watu kwenye treni na hali waliyo nayo ni suala la usalama wa umma, na kwa hiyo halifai kuachwa liwe siri ya kibiashara kati ya kampuni na mwajiriwa wake.

Sheria ya sasa inatoa njia ya mgomo, tena njia inayopitika kuliko inavyodhaniwa. Usafiri wa reli haumo katika orodha ya huduma muhimu zinazokatazwa kugoma, ambayo inataja maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Mgogoro wa maslahi hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 30 zikipita bila mwafaka chama kinaweza kupiga kura ya wanachama na kutoa notisi ya saa 48. Mwajiri haruhusiwi kuleta watu mbadala katika mgomo halali. (Walio chini ya utumishi wa umma wana masharti ya ziada, na hilo litafanya madereva wa TRC na wa kampuni binafsi, wanaopishana Malampaka, kuwa na haki tofauti za kugoma.) Sheria inatambua hata mgomo wa kuunga mkono wenzao kwa mwajiri mwingine, kwa notisi ya siku 14, na hapa Mwanza kifungu hicho si nadharia. Mabehewa yanayokwenda Port Bell huingizwa kwenye meli kupitia daraja la kuunganishia pale Bandari ya Mwanza Kusini, na MV Umoja, yenye uwezo wa kubeba mabehewa 22, haiwezi kuondoka na sitaha tupu ikiwa wapanga mabehewa wa upande wa reli wameweka bendera chini, yaani wamegoma. Waajiri wawili au watatu, mnyororo mmoja wa mzigo.

Katika mazingira hayo, chama cha wafanyakazi wa reli, TRAWU, kina kazi kubwa kuliko kipindi chochote tangu reli irudi mikononi mwa Serikali. Haki ya kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi hupatikana kwa kuwa na wanachama wengi katika kila kundi la majadiliano, na kampuni tano ndogo maana yake ni makundi matano, kila moja likiwa na watu wachache wanaojuana na bosi wao kwa jina na wanaoogopa kuonekana wa kwanza kujaza fomu. Reli ya kisasa ya umeme kati ya Mwanza na Isaka, yenye kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, itaongeza aina nyingine ya mfanyakazi, fundi wa umeme kijana ambaye hakuwahi kuwa mwanachama wa chama chochote. Chama kikisubiri kuingia kampuni moja moja kitachelewa. Kinachoweza kufanywa sasa ni kudai mkataba mmoja wa kima cha chini kwa waendeshaji wote wa mizigo, unaotaja saa za kusubiri, idadi ya watu ndani ya injini, mahali pa kulala na namna ya kumpokea aliyefikisha saa 12, kisha kuitaka LATRA iufanye kuwa sharti la leseni kwa kila anayeomba. Waombaji wakiwa bado wanaihitaji leseni, hakuna atakayekataa kuzungumza. Akishaipata na treni zake zikawa njiani, mazungumzo hayo yatafanyikia Tume ya Usuluhishi, na mabehewa yakiwa yamesimama Fela.